Land Rover 109 juu ya chasisi ya Hilux: uchambuzi wa pikapu ya Igombe

Mwenye gari ni mzee wa Igombe, kule kando ya ziwa kupita uwanja wa ndege wa Mwanza, anayeishi kwa dagaa na samaki. Baba yake alimwachia Land Rover 109 pikapu, Series III, gari lililobeba pamba enzi zake na baadaye likabeba kila kitu. Chasisi ilikuwa imekwisha. Ukiigonga kwa nyundo karibu na tairi za nyuma, nyundo inazama. Bodi yenyewe ilikuwa nzima karibu yote, na hilo halishangazi: bati la nje la Land Rover za zamani ni aluminiamu iliyochanganywa na magnesi, kwa sababu gari la kwanza la aina hiyo lilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Chasisi ndiyo ya chuma, na chuma ndicho kinachoondoka kwanza.

Mzee akaamua kufanya wanachofanya wengi siku hizi: bodi ya baba, chasisi ya kisasa. Alinunua Hilux Vigo iliyoangukiwa na mti, kabini imebonyea lakini chini ni nzima, injini ya dizeli ya 2KD, kadi halali. Akaipeleka kwenye gereji moja mjini. Wakaunganisha, wakapaka rangi, wakamkabidhi gari linalovutia kila aliyeliona. Msimu mmoja wa dagaa haukuisha. Likitoka Kayenze na magunia, mlango wa dereva ukafunguka wenyewe kwenye kona. Aliposimama akakuta kabini na sanduku la nyuma vimesogeleana kwa juu na kuachana kwa chini. Likavutwa hadi Nyakato, nikaitwa kulikagua.

Naeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kazi za namna hii zinaongezeka kanda yetu, na watu wanapanda magari haya na familia zao. Mafundi wenye mikono mizuri kabisa wanaingia kwenye shimo lilelile, na shimo lenyewe linachimbwa kabla grenda haijawashwa.

Futi moja inayotafuta pa kwenda

Jina 109 ni kipimo. Ni inchi 109 kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, yaani milimita 2,769. Hilux Vigo ina milimita 3,085. Tofauti ni milimita 316, zaidi kidogo ya futi moja. Yeyote anayeweka bodi ya 109 juu ya Vigo atakutana na futi hiyo, hakuna ujanja wa kuikwepa. Ukiweka tairi la mbele katikati ya tundu lake, la nyuma litakuwa futi moja nyuma ya tundu lililokatwa kwa ajili yake. Lazima uamue futi hiyo iende wapi.

Gereji ya kwanza iliamua itoke kwenye chasisi. Walikata reli zote mbili, yaani zile mbavu mbili ndefu za chasisi, kati ya ekseli, nyuma kidogo ya mahali kabini inapoishia, wakatoa kipande, wakasogeza sehemu ya nyuma mbele, wakachomelea. Mkato ulikuwa wima, umenyooka kama wa mkate. Juu ya kiungo wakaweka bamba la mstatili kila upande na kulichomelea kuzunguka pande zote nne, hadi kwenye ukingo wa chini wa reli. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Mshono umejaa, hauna matundu, umesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi.

Tulipoiosha kwa mafuta ya taa na kusugua rangi, ufa ulionekana wazi. Haukuwa kwenye mshono wa katikati. Ulianzia kwenye kona ya chini ya bamba, reli ya kulia, ukakata ukingo wote wa chini na kupanda ubavuni karibu nusu ya kimo cha reli. Reli ya kushoto ilikuwa na ufa mdogo mahali palepale, bado mwembamba kama unywele.

Hapo ndipo pa kusoma vizuri. Gari likibebeshwa mzigo, chasisi kati ya ekseli mbili hutaka kushuka katikati. Upande wa juu wa reli unabanwa, upande wa chini unavutwa. Chuma kinachobanwa huvumilia mengi; kinachovutwa, kikilegezwa na kuvutwa tena kila gari linapopita shimo, ndicho hupasuka. Kwa hiyo ukingo wa chini ndio mahali pa mwisho kabisa pa kuweka mshono unaokatiza reli. Pili, bamba lile lilifanya kipande kimoja cha reli kiwe kigumu sana na kuishia ghafla, kona kwa kona. Reli ikijipinda, haijipindi tena penye bamba, inajipinda pale bamba linapokoma. Nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja, na mstari huohuo umepikwa na moto wa kuchomelea, chuma chake si kile kilichotoka kiwandani. Unene wa bamba haukusaidia kitu. Bamba nene zaidi lingepasua mapema zaidi.

Fundi anayelazimika kuunga reli hukata bamba lake kwa ncha za mshazari ili ugumu uanze na kuisha taratibu, na haruhusu mshono upite kukatiza ukingo wa chini. Nasema hivyo ili ijulikane, siyo ili mtu apate moyo wa kukata. Kufupisha chasisi ya gari la kubeba mzigo, kwa vifaa tulivyo navyo kwenye gereji nyingi za hapa, mimi sikubali.

Kulikuwa na matatizo mengine yaliyotoka kwenye mkato huohuo. Tulisimamisha gari kwenye stendi, tukadondosha timazi kutoka kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, kushoto na kulia, tukatia alama za chaki sakafuni, kisha tukapima ulalo: kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Chasisi iliyonyooka hutoa vipimo viwili vinavyolingana. Hii ilitofautiana kwa milimita 14. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa upande, gari linakwenda mbele huku mkia umeelekea kwingine, na hakuna wili alaimenti itakayoponya hilo. Mzee alikuwa amebadilisha tairi za nyuma mapema akidhani ni ubovu wa tairi. Propela nayo ilifupishwa kwa kukatwa na kuchomelewa bila kupelekwa kusawazishwa, ndiyo maana kabini ilitetemeka kila alipovuka mwendo fulani. Kosa moja la kupima lilizaa yote haya.

Njia zilizokuwepo

Tukakaa na mzee kwenye benchi tukazipitia moja moja.

Uingereza wapo wanaotengeneza chasisi mpya za Land Rover za zamani, zilizochovywa kwenye zinki. Bodi ingekaa bila kubadilishwa chochote. Hiyo ingekuwa njia ya heshima kuliko zote kwa gari lenyewe, lakini mzee hakutaka gari la kuoneshwa. Alitaka usukani laini, breki zinazoshika, injini ambayo spea zake zipo mjini. Akaikataa mara moja.

Ya pili ni Prado ya mfululizo wa 120 yenye milango mitano, zile za 2002 hadi 2009. Umbali wa ekseli zake ni milimita 2,790. Tofauti na 109 ni milimita 21 tu. Hiyo unaimaliza kwa kusogeza bodi sentimita moja huku na moja kule, na jicho halitaona. Fundi akisikia hivyo anashangilia. Nami ningemshauri Prado mtu anayetaka kwenda nayo kanisani na shambani. Lakini Prado nyuma ina springi za koili, imeundwa kubeba watu saba na mizigo yao ya safari. Pikapu ya Igombe inabeba magunia ya dagaa na makasha ya samaki wenye barafu, kila siku ya soko, hadi mwaloni Kirumba. Ungeweka koili ngumu zaidi, likiwa tupu linakurusha, likijaa bado linakaa chini. Kipimo cha ekseli kilikubali. Kazi ya gari ilikataa.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: Hilux Vigo tena, chasisi nyingine, nzima, bila kukata popote, na ile futi moja iende kati ya kabini na sanduku la nyuma.

Watu husahau kwamba pikapu ya 109 si kitu kimoja. Mbele kuna kabini, nyuma kuna sanduku, vimeungwa kwa bolti tu na vinaweza kuachanishwa. Sanduku lina matundu yake ya tairi. Ukilirudisha nyuma milimita 316, tundu linakuja lenyewe juu ya tairi la nyuma la Vigo. Kabini inabaki mahali pake juu ya tairi la mbele. Kinachobaki ni uwazi wa futi moja katikati, na uwazi huo una kazi: tairi la akiba lenye upana wa milimita 265 linasimama humo wima. Land Rover nyingi za zamani zilibeba tairi hilo juu ya boneti, na kila aliyewahi kuinua boneti hiyo anajua uzito wake.

Mzee alinyamaza kidogo. "Fundi, si litaonekana refu?"

"Litakuwa refu kwa futi moja, mzee wangu. Lakini halitapasuka."

"Basi lirefuke."

Bodi isiyopenda kutikiswa

Mzee alipata Vigo nyingine yenye injini iliyokufa, chasisi imenyooka, kadi ipo. Injini na gia boksi tukahamisha kutoka ile ya kwanza. Kabla ya kuweka chochote tukapima ulalo tena kwa timazi na chaki. Nasisitiza hili kwa kila anayenunua chasisi ya gari lililopata ajali: pima kabla hujalipa, muuzaji asiyekuruhusu kupima amekwishakujibu.

Sasa ugumu wa kweli wa kazi. Land Rover za Series bodi yake hufungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chasisi, chuma kwa chuma, bila raba za maana katikati. Iliwezekana kwa sababu chasisi yao ni ya boksi, imechomelewa kwa mabamba manne, na bodi ilichorwa pamoja nayo. Hilux ni tofauti. Chasisi yake imekusudiwa kujisokota kidogo kwenye barabara mbovu, na kabini yake ya asili inaelea juu ya raba ili msokoto usiifikie. Ukifunga kabini ya aluminiamu kwa bolti ngumu juu ya chasisi inayojisokota, msokoto wote unakwenda kwenye milango, kioo cha mbele na pembe za bati. Mlango wa mzee haukufunguka kwa ubovu wa kitasa. Nguzo ya mlango ilisogea, ulimi wa kitasa ukakosa pa kushika.

Na kabini ya Land Rover ina udhaifu wake: haijaumbwa kwa kipande kimoja kama ya Hilux. Ni ukuta wa mbele wa chuma, ule unaotenganisha injini na dereva, kisha boksi la viti, kisha ukuta wa nyuma na paa, vyote vimeungwa kwa bolti. Milango inaning'inia kwenye ukuta wa mbele. Ukuta huo ukisogea milimita mbili chini upande mmoja, mlango wa upande huo utakuambia hapohapo.

Kwa hiyo tulitengeneza fremu ndogo ya paipu za mraba inayobeba kabini nzima, kuanzia miguu ya ukuta wa mbele hadi nyuma ya viti, ili kabini iwe kitu kimoja kabla haijagusa chasisi. Fremu hiyo ikakaa juu ya raba za kabini za Hilux, kwenye mabano yaleyale ya kiwandani. Hakuna tundu jipya lililotobolewa kwenye reli, hakuna mshono uliogusa reli. Sharti hilo niliweka mwanzo na vijana wa gereji wakalishika, ingawa mara kadhaa ingekuwa rahisi zaidi kuchomelea kibano pembeni na kuendelea. Sanduku la nyuma likapata fremu yake na raba zake, halikushikana na kabini popote. Ule uwazi wa futi moja ukawa na faida ya pili: kabini inacheza kivyake, sanduku kivyake, haviumizani.

Kuunganisha kulianza na ukuta wa mbele, na ndivyo inavyopaswa. Uweke, upime maji pande zote, upime umbali wake hadi ekseli kushoto na kulia, ndipo uning'inize milango. Milango ikifunga kwa kusukumwa na kidole, na nafasi kati yake na nguzo ikiwa sawa kutoka juu hadi chini, ndipo ufunge boksi la viti na ukuta wa nyuma. Madigadi na shoo ya mbele huja mwisho kabisa. Gereji ya kwanza ilianza na shoo kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha ikavutavuta kila kitu kuifuata.

Ukuta wenyewe ulihitaji matibabu. Chini ya nguzo za milango na kwenye visima vya miguu ya dereva na abiria ulikuwa umeliwa, maradhi ya kila Land Rover ya umri huo. Tulikata hadi chuma kizima na kuweka vipande vipya. Hapo kuchomelea ni halali.

Mwisho wa injini ya Vigo na gia boksi lake uliingia kwenye eneo la sakafu ya kabini. Waliounda Land Rover walituonea huruma: sakafu yake na kifuniko cha gia boksi ni mabamba yanayofunguliwa kwa bolti, kwa hiyo tulitengeneza kifuniko kipya kipana zaidi bila kuharibu cha asili. Injini hii ya 2KD haina intakula, yaani kipoza hewa ya injini, juu yake, bahati nyingine. Vigo zenye intakula juu ya injini zina pua ya kuingiza hewa kwenye boneti, na boneti bapa ya Land Rover ingelazimika kutobolewa.

Usukani ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu ukikatika humalizi sentensi. Land Rover za Series zina boksi la stelingi na mkono wa kati uliopita ndani ya chasisi. Vigo ina reki mbele, fimbo yenye meno inayosukuma tairi kulia na kushoto. Fimbo ya usukani ililazimika kupita njia mpya kutoka ukutani hadi kwenye reki, kukwepa eksozi. Wale wa kwanza walitumia krosi mbili, yaani viungo vya kukunja fimbo, zenye pembe kali, usukani ukawa mwepesi, mzito, mwepesi, mzito katika mzunguko mmoja. Pembe ya kila krosi inatakiwa iwe ndogo kadiri inavyowezekana na mbili hizo zikabiliane sawasawa. Njia yetu ilihitaji krosi ya tatu, na ukifika krosi tatu lazima fimbo ya kati ishikwe na beringi iliyofungwa imara, la sivyo inapigapiga. Krosi zote na fimbo zilikuwa za kiwandani, zimefungwa kwa bolti kwenye meno yake. Hakuna fimbo ya usukani iliyochomelewa.

Busta ya breki na masta tulichukua za Vigo kama zilivyo. Lakini bati la ukuta wa Land Rover ni jembamba kuibeba busta ile. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ukuta unabonyea na pedali inashuka bila breki kuongezeka. Tuliweka bamba nyuma yake lililosambaza nguvu hadi kwenye nguzo. Mtu mmoja akanyage, mwingine aweke kiganja ukutani. Ukiusikia ukuta unatembea, kazi haijaisha.

Waya hazikukatwa. Zilihamishwa zote kwa ujumla, na kontroli boksi, kompyuta ya injini, ikavuliwa na betri kutolewa kila tulipochomelea kitu karibu. Gereji ya kwanza ilikata fungu la waya kufupisha, ndiyo maana taa ya injini iliwaka siku zote na gari likawa zito kupanda mlima wa Isamilo.

Tairi zilizotoka nje

Land Rover ni gari jembamba. Bodi yake ina upana wa takriban mita 1.68, na umbali kati ya tairi zake za kushoto na kulia ni kama mita 1.3. Vigo yenye ekseli mbili za kuvuta inapita mita 1.5. Matokeo yake tairi zinatokeza nje ya bodi sentimita kadhaa kila upande. Wengi hugeuza ringi au kubana ekseli. Tuliacha ekseli zilivyo, tukapanua midomo ya madigadi kwa mabamba ya aluminiamu yaliyokunjwa kwa mkono. Linaonekana gari lililotanua miguu, na mimi nalipenda hivyo. Mbele tulikata kingo za ndani kwa kupima huku usukani umekatwa hadi mwisho, kushoto na kulia, na springi imebanwa. Tairi lisilogusa gari likiwa gereji bado linaweza kugusa springi ikibanwa barabarani.

Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu, aluminiamu inaliwa, inageuka unga mweupe chini ya rangi. Ziwa Victoria ni maji baridi, watu wakadhani tumesalimika. Lakini maji yanayochuruzika kutoka kwenye barafu ya samaki yana damu na chumvi zake, na yanakaa kwenye sanduku masaa. Kila mahali bati lilipokutana na fremu tuliweka mkanda wa raba, bolti zikapita kwenye washa za nailoni, na sanduku likapata matundu ya kutoa maji yanayodondokea nje ya reli, siyo juu yake.

Majaribio yalifanyika kwanza hapohapo gereji. Gurudumu la mbele kushoto likapandishwa juu ya magogo, na la nyuma kulia vilevile, chasisi ikajisokota. Tukafungua na kufunga milango yote. Ilifunga. Kisha mifuko ya mchanga, njia mbovu ya Igombe, breki kwenye mteremko, bolti zote kukazwa upya. Ulimi wa mlango wa abiria ulihitaji kusogezwa kidogo, basi.

Namba ya baba

Jambo lililomuuma mzee kuliko gharama ni namba. Alitaka gari libaki na namba ya Land Rover ya baba yake, na mtu alishamwambia kwamba inawezekana: kata kipande chenye namba ya chasisi ya zamani, kichomelee kwenye mpya.

Nilimwambia hapana, tena kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwa mtu wa umri wake. Kadi ya usajili inabeba namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya bodi. Mbele ya TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, na mbele ya askari wa usalama barabarani, gari ni chasisi yake. Kuhamisha namba ni kughushi, na gari lenye namba ya kughushi halitofautiani na la wizi siku likikamatwa, wala bima haitamtetea mwenye nalo siku likigonga mtu. Gari hili ni Hilux yenye bodi iliyobadilishwa na injini iliyotoka kwenye Hilux nyingine. Ndivyo lilivyopelekwa kukaguliwa, na ndivyo mabadiliko yalivyoombwa, na hati za ununuzi wa magari yote mawili zimeambatanishwa. Kadi ya Land Rover mzee anayo nyumbani, kwa heshima ya baba yake, na hakuna anayemkataza.

Ile chasisi iliyokatwa ilibaki uani, na haikuchukua muda mtu akaja kuulizia bei yake. Alikuwa na bodi ya Peugeot 404. Mzee angeweza kuiuza, na fedha ilikuwa inahitajika. Tukaikata vipande vinne kwa gesi, ikapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu, na kadi yake ikarudishwa TRA ili gari hilo liondolewe kwenye usajili.